Mwenyeji na Mgeni katika Siasa za Katanga, 1957–1995

Msafiri aingiaye Kampemba, moja ya komini saba za jiji la Lubumbashi, hukuta Bel-Air, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wazungu wakati wa ukoloni, ukipakana na eneo la viwanda na mitaa ya watu wa kawaida kama Bongonga na Kigoma. Humo Kiswahili husemwa na Mluba wa Kasai, Mbemba, Mlunda na Msanga kwa lafudhi inayokaribiana, na kwa sikio peke yake ni vigumu kumjua ambaye babu yake alishuka garimoshi akitoka Kasai. Hata hivyo siasa za Katanga zimekuwa na desturi ya kuuliza swali hilo la babu kila mara mali ipunguapo au uchaguzi ukaribiapo.

Chanzo chake ni kazi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuta shaba nyingi katika nchi yenye watu wachache. Ilitafuta wafanyakazi Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na Kasai, na baada ya reli ya kwenda Port-Francqui (leo Ilebo) kukamilika mwaka 1928, njia ya Kasai ikawa nyepesi zaidi. Wengi wa watu wa Kasai walipata elimu ya misheni na kushika kazi za ukarani. Katika uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957, viti vya umeya wa komini za Waafrika mjini Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, viliangukia mikononi mwa watu waliohesabiwa kuwa si wenyeji. Mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kilizaliwa, nacho kiliongozwa na Godefroid Munongo, kisha Moïse Tshombe.

Jambo moja halina budi kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1959 Union Katangaise, chama cha walowezi wa Kizungu, kilijiunga na CONAKAT. Kwa hiyo mlowezi aliyetoka Ubelgiji alipata nafasi miongoni mwa watetezi wa wenyeji, ilhali mtoto wa karani, aliyezaliwa Élisabethville na kukulia huko, aliitwa mgeni. Uenyeji wa namna hiyo haukupimwa kwa miaka ya kukaa wala kwa mahali pa kuzaliwa. Ulipimwa kwa faida ya mpimaji. Katanga ilijitangazia uhuru tarehe 11 Julai 1960, na mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini Élisabethville. Utawala huo ulikoma Januari 1963.

Ilichukua miaka thelathini kwa maneno yale kurudi, safari hii kwa kinywa ambacho wachache wangekitarajia. Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa Mluba wa Katanga, yaani mtu wa jamii ambayo sehemu kubwa yake ilipigana na CONAKAT chini ya Jason Sendwe. Tena alikuwa mmoja wa wabunge kumi na watatu waliomwandikia Mobutu barua ya upinzani mwaka 1980, bega kwa bega na Étienne Tshisekedi wa Kasai. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1990, Kyungu alikuwa na Nguz a Karl-i-Bond katika chama cha UFERI. Novemba 1991 Nguz alikubali uwaziri mkuu chini ya Mobutu, na Kyungu akawa gavana wa Shaba, jina ambalo Katanga ilikuwa nalo wakati huo. Agosti 1992 Kongamano la Taifa lilimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Ugomvi wa viongozi wawili uligeuzwa kuwa ugomvi wa makabila, na Mobutu, aliyeogopa upinzani ulioungana, hakuwa na sababu ya kuuzima.

Kiswahili ndicho kilichobeba uchochezi huo. Watu wa Kasai waliitwa *bilulu*, neno ambalo katika Kiswahili cha Katanga lina maana ya wadudu. Mwanaisimu hana budi kulitazama neno hili kwa huzuni, kwa kuwa waliotukanwa walikuwa wasemaji wa lugha hiyohiyo, na hawakuhitaji mkalimani ili waelewe walichoahidiwa. Wadudu hawajadiliwi wala hawahukumiwi, hufagiwa.

Na walifagiwa. Vijana wa UFERI, walioitwa JUFERI, walianza Likasi mnamo Septemba 1992, wakafuata Kolwezi Machi 1993. Familia zilitolewa nyumbani, zikajazana katika shule na vituo vya reli kungoja magarimoshi ya kwenda Kasai, ambayo yalikuwa machache. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na maradhi katika kungoja huko au njiani. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu maovu yaliyotendwa nchini Kongo, iliyochapishwa mwaka 2010, inaanza masimulizi yake Machi 1993, na miongoni mwa maovu ya kwanza inayoyasimulia ni haya ya Shaba.

Lubumbashi haikukosa vurugu, lakini kufukuzwa kwa jumla kama kule Likasi na Kolwezi hakukutokea. Inaelekea sababu moja ni nyumba. Katika miji ya migodi, kazi, makazi, shule na matibabu vilitoka kwa Gécamines, mrithi wa Union Minière. Aliyepoteza kazi alipoteza na dari, na nafasi yake ilikuwa zawadi inayoonekana kwa kijana asiye na ajira. Zawadi yenyewe ilikuwa inaoza: mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Katika komini kama Kampemba, mpangaji, mwenye nyumba, fundi na mchuuzi walikuwa wamefungamana kwa namna ambayo orodha ya kampuni isingeweza kuifungua.

Fikra ya kwamba mtu ana ardhi moja ya asili ambako sharti arudishwe si ya Katanga pekee. Ufaransa ilikuwa na Génération identitaire, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kuvunjwa na serikali mwaka 2021, ambayo ilidai wahamiaji na vizazi vyao warejeshwe makwao. Tofauti ni kwamba huko vijana walitundika mabango huku dola ikiwapinga. Shaba gavana ndiye aliyekuwa msemaji wao.

Kyungu aliondolewa ugavana mwaka 1995. Wengi wa waliofukuzwa walirudi baadaye, baadhi wakikuta nyumba zao zina watu wengine. Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mwana wa Étienne, alimteua Kyungu kuwa mwenyekiti wa bodi ya SNCC, shirika la reli ambalo magarimoshi yake yaliwabeba watu wa Kasai. Kyungu alifariki Agosti 2021.