Bei ya Farasi wa Tatu

Mnamo Mei 1851 watu walifurika katika uwanja wa Knavesmire, mjini York, Uingereza, kutazama mbio zenye farasi wawili tu. Mmoja aliitwa The Flying Dutchman, wa miaka mitano. Mwingine alikuwa Voltigeur, wa miaka minne. Mwaka uliotangulia Voltigeur alimshinda mwenzake kule Doncaster, na hilo likabaki doa pekee katika rekodi ya The Flying Dutchman. Tena alimshinda siku mbili tu baada ya kutoka sare na farasi mwingine, Russborough, katika mbio za St Leger, zikabidi zirudiwe siku hiyo hiyo ndipo akapata ushindi. Inasimuliwa kwamba aliyempanda The Flying Dutchman siku ile ya Doncaster alikuwa amepiga maji. Basi ubishi ukawa kama ule wa Gor na Ingwe, hauishi. Wenye farasi wakakubaliana: sarafu 1,000 za dhahabu kila upande, tumalize maneno.

Mimi simvutii upande yeyote kati ya hao farasi wawili. Ninayemtazama ni bwana mmoja aliyeitwa Henry John Rous, mwanamaji wa jeshi la Uingereza ambaye baadaye angejulikana kote kama Admirali Rous. Kazi yake ilikuwa kuamua kila farasi abebe uzito gani. Akasema Voltigeur abebe ratili 112, na mkubwa wake 120 na nusu. Tofauti ni kama kilo nne hivi, yaani pakiti mbili za unga wa ugali. The Flying Dutchman akashinda kwa takriban urefu wa farasi mmoja, baada ya maili mbili za kukimbia.

Hapo ndipo historia ya kubeti mbio za karibu inapoanzia, kwa maoni yangu. Wengi wetu hudhani mbio zikiwa karibu ni bahati tu imetokea, kwamba wamekutana wanyama wa nguvu sawa. La hasha. Ukaribu huo hutengenezwa. Farasi mkali anaongezwa vipande vya risasi kwenye tandiko, mnyonge anapunguziwa, na nia ya anayepanga uzito, akiota ndoto yake nzuri kabisa, ni wote wafike kwenye mstari wa mwisho kwa pamoja. Mwaka 1855 Rous akawa ndiye mpangaji uzito wa mbio za umma Uingereza, na jedwali lake la kulinganisha umri na uzito likasambaa popote palipokimbizwa farasi. Mfumo huo ulitufikia hata sisi na ukoloni. Racecourse Road pale Nairobi imebaki na jina ilhali farasi walishahama, na uwanja wa Ngong Road ulifunguliwa mwaka 1954. Ukienda kule Jumapili ukapewa kitabu cha mbio, utakuta uzito umeandikwa kando ya jina la kila farasi. Hiyo ndiyo sauti ya Rous.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu mwenye pesa mkononi. Kila unachokijua kuhusu yule farasi, kwamba alishinda juzi, kwamba anapenda uwanja mkavu, mpangaji uzito amekijua kabla yako na ameshakitia kwenye tandiko. Ukiuliza "nani atashinda?" unauliza swali ambalo kuna mtu analipwa ili lisijibike.

Wakati mwingine alifanikiwa kupita kiasi. Tarehe 10 Juni 1944, katika uwanja wa Aqueduct, New York, farasi watatu walifika kwa pamoja katika mbio za Carter Handicap: Brownie, Bossuet na Wait a Bit. Kamera ikaangalia, ikashindwa kuwatenganisha. Sare ya watatu! Zamani mwamuzi aliketi kwenye kibanda chake na macho yake mawili, na akisema fulani ameshinda kwa pua, basi imeisha hiyo. Kamera za mstari wa mwisho zilianza kuenea Marekani miaka ya 1930. Ziliondoa kelele, ila hazikumsaidia mbetiji chochote kuhusu mbio za kesho.

Kilichombadilishia mbetiji mambo kilitoka Paris, miaka ya 1860, kwa mfanyabiashara aitwaye Joseph Oller, yule yule aliyekuja kushiriki kuanzisha ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1889. Kabla yake ulibeti dhidi ya mtu: yeye anakutajia bei, wewe unaikubali au unaondoka. Oller akasema tuweke pesa zote kwenye kapu moja, mwenye kapu akate chake, kinachobaki wagawane waliompata mshindi. Bei haitungwi na mtu tena. Bei ni hesabu ya pesa za watu wote. Mwaka 1913, kule Ellerslie, New Zealand, kazi hiyo ikakabidhiwa mashine kubwa ya kujiendesha iliyobuniwa na mhandisi George Julius. Awali Julius alikuwa ameibuni mashine ya kuhesabu kura. Kura zikaikataa, farasi wakaipokea. Mkenya ataelewa kwa nini nilicheka niliposoma hilo.

Kapu la Oller lina siri moja, na tuifungue taratibu kwa namba, manake bila namba kila mtu ni mtaalamu. Chukua mbio za karibu. Farasi wa kwanza ana nafasi ya asilimia 30 ya kushinda, wa pili 28, wa tatu 26, wengine wanagawana kilichobaki. Kapu lina shilingi 100,000, na mwenye kapu anakata asilimia 17.5, kama Hong Kong wanavyokata leo kwenye dau la mshindi. Zinabaki 82,500. Sasa yule wa kwanza ndiye anayepigiwa upatu. Ana jina, ana mpandaji maarufu, gazeti limemtaja. Watu wamemwekea 40,000. Akishinda, kila shilingi inarudi kama 2.06. Zidisha na asilimia 30 unapata senti 62. Kwa maneno mengine, kila shilingi uliyompa bingwa wa mbio hizi ina thamani ya senti 62, hata kama kweli yeye ndiye bora! Wa pili amewekewa 25,000: shilingi yako ina thamani ya senti 92. Bado hasara. Wa tatu, ambaye hakuna anayemzungumzia, ana 15,000. Akishinda analipa 5.5. Zidisha na asilimia 26: shilingi moja na senti 43.

Kwa hiyo unamchukua farasi ambaye wewe mwenyewe unaamini atashindwa karibu mara tatu katika kila nne. Nimejaribu kumweleza hili binamu yangu wa bodaboda, ambaye hubeti mpira kila wikendi. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa anunue viatu visivyomtosha kwa sababu viko bei rahisi. "Mimi nataka kushinda, si kupiga hesabu," aliniambia. Ukweli ni kwamba mbio zikiwa karibu hivyo, tofauti kati ya farasi ni ndogo, ila tofauti kati ya bei inaweza kuwa kubwa ajabu, kwa sababu bei zinafuata majina na mapenzi.

Usikimbilie basi kusema dawa ni kuchukua wale wasiotarajiwa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia R. M. Griffith alichapisha uchunguzi wa dau za mbio za Marekani, akakuta watu huwapa farasi wa bei kubwa pesa nyingi kuliko wanavyostahili. Tunapenda ndoto. Shilingi 20 igeuke 2,000, nani hataki? Wale wa mwisho kabisa kwenye orodha ni ghali kupita wote, ingawa wanaonekana rahisi. Faida, kama ipo, hujificha kwa wa katikati, wale wasiosisimua mtu.

"Kama ipo" nimeisema makusudi. Namba zangu hapo juu zilikuwa na udanganyifu mmoja: nilikupa zile asilimia 30, 28 na 26 bure. Uwanjani hakuna anayekupa. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Bill Benter na Mwaustralia Alan Woods, wote wawili wahesabu karata waliochokwa na makasino, walihamia Hong Kong kuzitafuta kwa kompyuta. Uwanja wa Happy Valley ulikuwa umekimbiza farasi tangu 1846, makapu yake yalikuwa makubwa mno, na farasi walikuwa wale wale wakikutana wiki baada ya wiki. Benter aliingiza kila kitu: umri, uzito, siku za mapumziko, nafasi ya kuanzia. Alijengea juu ya kazi ya wasomi wawili, Ruth Bolton na Randall Chapman, waliyoichapisha mwaka 1986. Wakaanza kwa hasara.

Kilichowaokoa Benter alikieleza mwenyewe katika makala ya mwaka 1994, na ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kompyuta yake peke yake haikutosha. Ilibidi achukue bei za umma, zile zile pesa za wazee wa sigara na magazeti pale Happy Valley, azichanganye na hesabu zake. Kapu lilijua vitu ambavyo kompyuta haikuvijua: nani mgonjwa, zizi gani lina siri. Halaiki ilikuwa na akili kuliko alivyodhani. Alichohitaji ni kujua inakosea wapi, kidogo tu.

Halafu kuna suala la kiasi. Mwaka 1956 John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, alitoa kanuni ya kugawa pesa zako: chukua faida unayotarajia, igawe kwa kile utakachopata juu ya dau lako ukishinda. Farasi mwenye nafasi ya asilimia 25 anayelipa 5 kwa kila shilingi ana faida ya senti 25. Gawa kwa nne. Jibu ni asilimia 6.25 ya mfuko wako. Ukiwa na 1,000, unaweka kama 62, basi. Na kama ulikosea kidogo, nafasi yake kumbe ni asilimia 20, kiasi sahihi ni sufuri. Ndiyo maana wenye kazi yao huweka nusu ya wanachoambiwa na Kelly, na mbio nyingi huziangalia tu mikono ikiwa mfukoni.

Linganisha na mchezo wa binamu yangu. Mechi ya karibu, kampuni inatoa 2.70 nyumbani, 2.70 sare, 2.70 ugenini. Moja gawa kwa 2.70, mara tatu, unapata 1.11. Ile 0.11 ni ya kampuni, kwa hiyo shilingi yako ni senti 90 kabla mpira haujapigwa. Unganisha mechi tano kama hizo, senti 90 mara yake mara tano, umebaki na senti 59. Mechi kumi: senti 35. Na hapa hakuna kapu la kuvizia makosa ya wengine. Bei imewekwa na mtu mwenye kompyuta kama ya Benter, yeye akiwa upande wa pili wa kaunta.

Novemba 2001 Benter na mwenzake walipata dau liitwalo Triple Trio pale Happy Valley: farasi watatu wa kwanza katika mbio tatu, kati ya michanganyiko zaidi ya milioni 10. Hawakuibahatisha. Walinunua makumi ya maelfu ya michanganyiko, na walisubiri hadi kapu lilipofurika ndipo hesabu ikakubali. Zawadi ilipita dola milioni 100 za Hong Kong. Hawakwenda kuichukua, na malipo yasiyodaiwa pale huenda kwa misaada ya jamii. Kapu lilifurika kwa sababu lilikuwa limebebwa kutoka mbio zilizotangulia, usiku baada ya usiku, kwa pesa za watu waliokuwa na uhakika.