Shoka la Kung'aa Lilinidanganya

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini somo la historia lilinipata Olorgesailie, barabara ya Magadi. Tulikuwa tumepiga kempi. Nikipasua kuni, kichwa cha shoka langu jipya, lile linang'aa vizuri kwa picha, kikachomoka na kupita karibu na sikio la beste yangu. Hakuna mtu alicheka.

Asubuhi tukaenda kuona mashoka ya mawe, yale Mary na Louis Leakey walianza kuchimbua miaka ya 1940. Yana zaidi ya miaka 500,000, na hakuna hata moja lenye mpini. Ni jiwe gumu la volkano, limechongwa pande mbili, unalishika na mkono.

Mpini ulikuja baadaye sana, na ukaja na shida yake: utafunga kichwa aje? Wahunzi wetu wa zamani walijibu hivi: mkia wa chuma, mwembamba nyuma, unapita kwa tundu la mpini. Kila pigo linaukaza zaidi.

Kwa hivyo wasee, kabla ulipie shoka, shika kichwa, tingisha. Kikicheza, rudisha. Mimi nilienda Gikomba, fundi akanifulia langu kutoka kwa springi ya lori. Si rembo. Lakini beste yangu amekubali kukaa karibu na mimi tena.