Paka Anakwambia Nini? Lugha Iliyoanzia Ghalani



Mwaka juzi nyumbani tulikuwa na paka dume wa kijivu, kipenzi cha bibi, analala kwenye mkeka wake. Siku moja akaanza kuchuchumaa kila pembe: ukumbini, bafuni, mpaka juu ya kanga zilizokunjwa. Anajikamua, yanatoka matone mawili, au hakitoki kitu. Bibi akasema kaanza uchafu. Mimi nikamtoa nje nikafunga mlango. Akaenda kukaa chini ya ngazi, kimya. Siku ya tatu tulimkuta amekufa.

Baadaye daktari wa mifugo akanieleza kuwa dalili zile ni za njia ya mkojo kuziba, na kwamba paka dume akiwa hivyo apelekwe kutibiwa siku ileile, asingojewe kesho. Kumbe alikuwa akisema, sisi hatukujua kusikiliza. Tangu hapo nasoma habari za paka, na kila ninachosoma kinanirudisha nyuma sana, kabla ya bibi zetu na bibi wa bibi zetu.

Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye mpaka leo yupo huko bara. Huyo anaishi peke yake na kuwinda peke yake. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima nafaka na kuweka akiba, panya walikuja, na paka wakawafuata panya. Hakuna aliyemfunga kamba; alijileta mwenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba kisiwani Kupro, mahali paitwapo Shillourokambos, wamekuta kaburi la mtu na pembeni yake, kama sentimita 40 tu, mifupa ya paka. Kaburi hilo lina umri wa miaka kama 9,500. Kupro haikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna mtu aliyewapakia chomboni akavuka nao bahari. Sisi watu wa visiwani tunajua nafasi ya chombo ilivyo ghali.

Sasa fikiria paka hawa, waliozoea kila mmoja na lwake, wamekusanyika ghala moja. Watasalimianaje bila kuraruana? Wataalamu wanaona kwamba walichukua lugha ya utotoni. Mtoto wa paka humwendea mama yake mkia juu. Wa nyumbani wakaendelea nayo hata ukubwani, kama salamu ya amani. Na ule mlio wa nyau ni hivyohivyo. Paka wakubwa hawaliliani nyau sana wao kwa wao, wanatulilia sisi. Na akikukanda mapajani kwa miguu ya mbele kama anakanda unga wa chapati, ndivyo alivyokuwa akikanda tumbo la mama yake maziwa yashuke. Kwa hiyo ukiwa unapara samaki naye anakuja mkia wima, analia, si ulafi tu (ingawa ulafi upo). Amekufanya mama.

Wamisri wa kale nao walimchora makaburini amekaa chini ya kiti, mara nyingi kiti cha bibi mwenye nyumba.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Madina, na kimepokelewa na mwanamke, Kabsha binti Kaab. Alimmiminia mkwewe Abu Qatada maji ya kutawadha. Akaja paka, na mzee akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Kabsha akabaki anashangaa. Mzee akamweleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kile kisa cha Mtume kukata mkono wa kanzu asimwamshe paka kinasimuliwa sana, lakini si katika Hadithi zilizothibiti. Hiki cha Kabsha kimo, katika Abu Daud na Tirmidhi, nacho kinanitosha.

Basi tumtazame huyu mzungukaji wetu. Mkia unaopigapiga huku na huku si furaha kama ya mbwa; amekereka, mwambie mtoto amwache kabla hajaparurwa. Masikio yakilala nyuma, usimguse. Akikutazama huku anafumba macho polepole, nawe mfumbie polepole. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa paka humsogelea zaidi mtu anayefanya hivyo. Kukoroma kwake kwa kawaida ni raha, ila hukoroma pia akiwa na maumivu. Na hili ndilo lililonipita mimi: paka mgonjwa mara nyingi hapigi kelele, hujificha. Babu yake wa mwituni hakuwa na wa kumlilia, na yeye mwenyewe alikuwa windo la wakubwa zaidi.

Iko Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Niliisikia tangu madrasa, nikajua hainihusu, maana mimi sikumfungia ndani. Nilimfungia nje.

Siku hizi tuna jike wa madoadoa. Asubuhi nikiwasha jiko na hajatokea, naacha chai nakwenda kuchungulia chini ya ngazi.