Chinsoni na Kinywa cha Mwanafunzi: Historia Fupi ya Kusema Hadharani Kisii na Nyamira

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kumsimamisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza mbele ya darasa, akainamisha kichwa na kutafuna ukosi wa shati, asiseme lolote. Nilipoanza kazi hapa Kisii niliandika katika ripoti ya mmoja wao kwamba ni mzito wa kuzungumza. Nilikosea.

Baina ya 1955 na 1957, Wamarekani Robert na Barbara LeVine walichunguza malezi katika jamii ya Wagusii waliyoiita Nyansongo. Waliona kuwa mtoto alifunzwa kutii, wala hakutarajiwa kuzungumza sana mbele ya wazazi. Staha hiyo huitwa chinsoni. Hata hivyo, chinsoni haikufunga kinywa kila mahali. Kwa nyanya yake mtoto alikuwa huru kutania, kutega vitendawili na kusikiliza ngano. Vijana nao walikuwa na ebisarate, kambi za kulindia ng'ombe, walikosema kama marika. Serikali ya kikoloni ilizivunja kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20.

Basi shule ilimpokea mtoto aliyezoea kunyamaza mbele ya mtu mzima, na mwalimu ni mtu mzima. Tamasha za drama za shule, zilizoanza 1959, zimewakuza wasemaji hodari, ila huchagua wachache. Mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima mwaka 1985, ungedhani kinywa kitapata nafasi. Kumbe! Katika KCSE, mtahiniwa wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini akazungumza. Wa Kiswahili huandika karatasi tatu, hata fasihi simulizi, bila kutamka neno. Ataorodhesha sifa za mtambaji bora, ujasiri ukiwemo, ilhali hajawahi kutamba.

Isitoshe, kuna kicheko. Ekegusii haina sauti /l/. Mtoto akisema "kurara", darasa huangua kicheko. (Nami nilicheka, sikatai.) Huyo hanyoshi mkono tena muhula mzima.

Siku hizi kipindi cha fasihi simulizi hukianza kwa vitendawili, wanafunzi wameketi kwa makundi ya marika, mimi nikiwa nyuma kabisa ya darasa. Matamshi huyasahihisha baadaye, faraghani. Anayeshindwa kutegua hutoa mji, kisha hutega tena. Nawe mtahiniwa, kabla ya kukariri sifa za mtambaji, mtambie mwenzako ngano moja uliyoipata kwa nyanya yako.