Kanivo za Bukavu na malori yasiyotarajiwa

Bukavu, ambayo hadi miaka ya 1950 iliitwa Costermansville, ilichorwa kwa ajili ya watu wachache. Wazungu walikaa Ibanda, Waafrika wakawekwa Kadutu. Kanivo ilikuwa na kazi ya kupokea maji ya mlimani na kuyashusha hadi Ziwa Kivu, na magari mazito yalikuwa machache.

Mwaka 1994 wakimbizi walifika kutoka Rwanda. Kisha vita vya 1996 na 1998 vikawasukuma wanavijiji kuelekea mjini. Parseli ziligawanywa tena na tena, na kila mlango mpya ulihitaji njia ya kuvuka kanivo. Watu wakaweka mbao, baadaye dali za beto. Dali hizo zilitosha kwa mtu, mkokoteni na pikipiki. Lakini anayejenga huleta mchanga, mawe na simenti, na vitu hivyo havibebwi kichwani hadi nyumba iishe.

Ulaya walilipanga jambo hili kwa madaraja. Kanuni yao ya mifereji ya barabarani, EN 1433, ilitoka mwaka 2002. A15 ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, nayo hujaribiwa kwa uzito wa karibu tani 1.5. B125 ni ya maegesho ya magari madogo, tani 12.5. C250 ni ya ukingo wa barabara, na D400, karibu tani 40, ni ya mahali malori yanapopita. Fundi wa Kadutu hana mashine ya kupima hivyo, lakini swali ni lilelile: gurudumu zito kuliko yote litakalokanyaga hapa ni la gari gani? Lori la mchanga likipita mara moja tu kwa mwaka, linatosha kuvunja.

Wengi huongeza simenti wakidhani ndiyo nguvu. Dali iliyolala juu ya kuta mbili hupasuka kuanzia chini, kwa hiyo fero zikae karibu na upande wa chini, zikifunikwa na beto ya sentimita 3 hivi ili zisishike kutu. Kuta nazo ziwe imara. Lori likipita kando tu, bila kugusa dali, udongo husukuma ukuta kuelekea ndani.

Dali ikivunjika, vipande huanguka ndani na kushika taka. Mvua inayofuata haifiki ziwani. Inaingia nyumba ya chini kabisa ya mteremko, mahali kodi ni ndogo, na ambapo mara nyingi amepanga aliyekimbia vita.