Mafundi wa Magari wa Majengo na Historia ya Kuuzima Moto wa Petroli

Mtaa wa Majengo, ulio katika eneo la Pumwani mashariki mwa Nairobi, umeandikiwa mengi kuhusu nyumba zake, misikiti yake na siasa zake, lakini historia ya moto wake haijapewa nafasi inayostahili. Sehemu muhimu ya historia hiyo inawahusu mafundi wa magari wasiokuwa na gereji ya kudumu, ambao kwa miongo mingi wamefungua injini mbele ya nyumba, kando ya barabara na katika vichochoro ambamo watoto hucheza na akina mama hukaanga maandazi, na inahusu pia kizimamoto, yaani mtungi wa chuma wenye maji, povu, poda au gesi iliyoshindiliwa, ambao mtu mmoja anaweza kuubeba na kuutumia moto unapoanza. Kukosekana kwa mtungi huo karibu na mkono wa fundi kumezoeleka kuelezwa kuwa ni uzembe, lakini maelezo hayo hayatoshi. Aina ya moto ilibadilika mtaani mapema zaidi kuliko vifaa vya kuuzima, nayo sheria iliyopaswa kuvileta vifaa hivyo ilitungwa kwa ajili ya kiwanda chenye kuta na mwajiri, ikampita fundi wa mlangoni kwa zaidi ya nusu karne.

Nairobi ilijifunza mapema kuuogopa moto na kuutumia pia. Ugonjwa wa tauni ulipozuka mwaka 1902, wakuu wa mji waliamua kulichoma soko la Wahindi ili kuuangamiza, na tangu hapo mabishano kuhusu mahali pa kuishi watu wasiokuwa Wazungu yalifungamana na hofu ya maradhi na ya nyumba zilizosongamana. Waafrika waliishi katika vijiji walivyojijengea wenyewe, vikiwemo Pangani, Maskini na Mji wa Mombasa, mpaka utawala ulipopima viwanja vya Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuanza kuwahamishia huko. Pangani, kijiji cha mwisho kati ya vijiji hivyo, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na sehemu ya wakazi wake wakapelekwa Shauri Moyo. Katika Pumwani manispaa iligawa viwanja, ikachora barabara, ikaweka mifereji ya maji na vyoo vya umma, na kuwaachia wenyeji kazi ya kujenga, ndipo eneo la nyumba hizo za kujijengea likajulikana kama Majengo. Wengi wa wamiliki wake walikuwa Waislamu, na idadi kubwa yao walikuwa wanawake.

Nyumba ya Majengo ilifuata mtindo wa Kiswahili wa pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, ua nyuma, kuta za miti na udongo, na paa ambalo mara nyingi liliezekwa kwa mabati ya madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Debe hilo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa historia yote ya moto wa mtaa huu imo ndani yake. Lilikuwa chombo cha galoni 4, takriban lita 18, ambamo mafuta ya taa na petroli yaliingizwa nchini, mawili katika kila kasha la mbao, na likiisha kumwagwa mafuta yake lilitekewa maji, likapimiwa nafaka, likaezekewa paa au likajazwa mchanga. Chombo kilicholeta mafuta nyumbani ndicho kilichotumika kupambana na moto wa mafuta hayo.

Moto wa nyumba za namna hiyo ulitokana na jiko la makaa, koroboi iliyopinduka au mshumaa uliosahauliwa, nao ulikuwa moto wa vitu vigumu, yaani miti, nguo, makuti na magodoro. Wajuzi wa kuzima moto huuweka katika daraja la A, ambalo maji hulimudu vizuri kwa sababu hupoza kinachoungua mpaka kikashindwa kutoa mvuke wa kuwaka. Kilichohitajika ni watu wengi, vyombo vingi na mfereji usiokauka, na katika jambo hilo ujirani wa Majengo ulikuwa na nguvu kuliko idara yoyote ya mji: mtu akipiga ukemi, watu hutoka na ndoo. Desturi hiyo iliokoa nyumba nyingi, na haifai kubezwa. Tatizo lake lilijitokeza pale ilipoletwa mbele ya moto wa aina nyingine.

Magari yaliwafikia mafundi wa Kiafrika kwa njia mbili zilizokutana. Njia ya kwanza ilikuwa karakana za Wahindi zilizoenea katika River Road na Grogan Road, barabara ambayo leo inaitwa Kirinyaga Road, ambako vijana waliingia kama wasaidizi wa kushika spana na kuosha vipuri, na baada ya miaka wakatoka wakiwa mafundi bila cheti chochote. Njia ya pili ilikuwa jeshi, kwa kuwa Vita vya Pili vya Dunia viliwafundisha Waafrika wengi udereva na umekanika katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi la Afrika Mashariki. Magari ya jeshi la Uingereza yalibeba vizimamoto vidogo vya shaba vyenye pampu ya mkono, kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba kifaa hicho kilikuwa kigeni kabisa kwa kizazi hicho cha mafundi. Walikiona kazini, katika gari la serikali, lakini hapakuwa na duka wala sheria iliyokifikisha nyumbani kwao.

Baada ya Uhuru kazi hiyo ilipanuka kwa kasi. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichapisha ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, yaani kazi halali zinazofanywa nje ya leseni na hesabu za serikali, na mwaka uliofuata Rais Jomo Kenyatta akatangaza kwamba matatu, yaani magari ya abiria ya watu binafsi, zingeruhusiwa kubeba abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi. Tangazo hilo lilimaanisha magari mengi makuukuu barabarani, na gari kuukuu linahitaji fundi kila wiki. Mitaa ya Eastlands, yaani upande wa mashariki wa Nairobi, ilijengwa kwa ajili ya wapangaji wa chumba kimoja, na mjenzi wake hakuwaza kwamba mpangaji angemiliki gari, sembuse kulitengeneza. Matengenezo yakafanyika palipopatikana nafasi: ukingoni mwa Digo Road, kwenye uwazi kati ya nyumba na nyumba, au uani mwa mtu anayefahamiana na fundi.

Hatari ya kazi hiyo hufahamika vizuri zaidi ikiangaliwa hatua kwa hatua. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo haupandi juu na kutawanyika, bali hutambaa ardhini, hujaa katika shimo, mtaro au chini ya gari, na huweza kulifikia jiko lililo hatua kadhaa mbali. Unapochanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 tu huwa tayari kushika moto. Fundi wa enzi ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, alikuwa na mazoea kadhaa yaliyoukaribisha mvuke huo: kuosha vipuri kwa petroli ndani ya karai, kunyonya mafuta kutoka tangini kwa mpira, na kuijaribu injini kwa kuining'iniza chupa ya petroli juu ya kabureta pale pampu ilipokuwa imekufa. Cheche moja ya waya wa betri iliyoguswa kabla ya wakati, au injini kurudisha mwako kupitia kabureta, ilitosha. Mafundi wa bodi waliongeza hatari yao wenyewe, kwani baadhi yao walitengeneza gesi ya kulehemu ndani ya pipa kwa kudondosha maji juu ya karabidi, mawe ya kijivu ambayo yakilowa hutoa gesi ya asetilini. Anayemwagia maji pipa kama hilo linapowaka huuongezea moto chakula.

Ndoo ya maji iliyokuwa rafiki wa nyumba ikawa adui wa gari. Petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake, kwa hiyo maji yakimwagwa huisambaza ikiwa inawaka mpaka miguuni mwa waliokuja kusaidia. Mchanga ulifaa zaidi kwa sababu hufunika na kuzuia hewa, na ndiyo maana vituo vya petroli viliweka, na vingi vinaendelea kuweka, ndoo nyekundu za mchanga kando ya pampu. Hata hivyo mchanga hukaa juu ya kitu kilicholala chini tu; hauwezi kusimama juu ya injini inayowaka wala kupenya nyuma ya dashibodi.

Dunia ilikuwa imekitafuta kizimamoto cha kubebeka kwa karne nzima. George William Manby, Mwingereza, alibuni mwishoni mwa miaka ya 1810 chombo cha shaba kilichorusha maji yenye kabonati ya potasiamu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, na chombo hicho huhesabiwa kuwa babu wa vizimamoto vya leo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Aleksandr Loran, mwalimu aliyeishi Baku katikati ya visima vya mafuta, alivumbua povu linaloelea juu ya mafuta na kuyatenga na hewa. Katika miaka ya 1910 kampuni ya Pyrene ya Marekani ikaanza kuuza pampu ndogo za shaba zenye kimiminika kiitwacho kaboni tetrakloridi, na hizo ndizo zilizoenea katika magari. Zilizima petroli vizuri, ila kimiminika chake kilikuwa sumu, na kikiguswa na joto kali kiliweza kutoa gesi ya fosjini, ileile iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye zikaja gesi ya kabonidioksidi na poda kavu, na poda ndiyo iliyoshinda sokoni, kwa kuwa hukata mwako wa vitu vigumu, vimiminika na gesi kwa pamoja na haipitishi umeme.

Swali basi si kwa nini fundi wa Majengo hakuwa na kifaa, bali nani alitakiwa kukileta. Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika Kenya mwezi Septemba 1951 iliweka masharti ya kinga ya moto kwa majengo ambamo watu wameajiriwa kufanya kazi za mikono. Fundi aliyejiajiri chini ya mwembe, akisaidiwa na mdogo wake, hakuwa na mwajiri wala jengo, kwa hiyo mkaguzi hakuwa na mlango wa kubisha. Kanuni za barabarani nazo zililitazama gari la abiria, likatakiwa kubeba kizimamoto. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu na ya kusikitisha: mara nyingi mtungi pekee uliokuwapo karibu na kazi ulikuwa wa matatu yenyewe inayotengenezwa, umefungwa chini ya kiti, ndani ya chombo kilekile kinachoungua.

Mwezi Novemba 1985 Rais Daniel arap Moi alifika kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji, si mbali na Majengo, akaahidi kuwajengea mabanda, na jina la jua kali, wanaloitwa mafundi wanaofanya kazi nje, likaingia katika lugha ya sera. Mabanda yaliwakinga mafundi na jua na mvua. Kwa wale wa magari waliobaki vichochoroni, shida kubwa zaidi ilikuwa kutokuwa na haki ya mahali. Mtungi wa kilo 6 au 9 hutundikwa ukutani, hukaguliwa kila mwaka na huhitaji mtu wa kuulinda usiku. Asiye na ukuta, anayeweza kufukuzwa kesho na askari wa jiji, hanunui kitu kizito cha kutundika.

Misiba mikubwa ilizidi kuiamsha nchi. Mnamo Septemba 12, 2011 petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ililipuka katika kijiji cha Sinai, eneo la viwandani la Nairobi, ikaua zaidi ya watu 100; na usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 soko la Gikomba, jirani wa ukuta kwa ukuta na Majengo, liliungua na watu wasiopungua 15 wakafa. Hakuna kizimamoto cha mkono ambacho kingeizima Sinai, na ni kosa kuutaja msiba huo kana kwamba mtungi mmoja ungetosha. Ulichoonyesha ni kasi ya mvuke wa petroli katika makazi yaliyobanana.

Badiliko la kisheria lilikuwa limekuja kabla ya misiba hiyo, mwaka 2007, kwa Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto na kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au daima. Kwa maandishi hayo fundi wa kichochoroni aliingia ndani ya sheria, na Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti huduma ya zimamoto. Ukaguzi, hata hivyo, umeendelea kufuata anwani na leseni ya biashara, navyo ni vitu ambavyo fundi huyo aghalabu hana.

Mafundi wanaonunua mtungi kwa hiari huchagua ule mdogo wa kilo 1, ambao humaliza poda yake katika sekunde 10 hivi, muda unaotosha tu iwapo mtungi uko upande wa mlango wa kutokea, hatua chache kutoka kwenye gari, na si ndani yake. Injini ikiwaka, boneti haifunguliwi wazi, maana hewa inayoingia huuchochea moto. Huinuliwa kidogo, poda ikaelekezwa chini ya miali na kupeperushwa huku na huku. Mtungi uliokaa katika gari linalotikisika hugandisha poda, hivyo hupinduliwa na kutikiswa mara kwa mara, na mshale wa kipimo chake hutazamwa kama bado uko kwenye kijani.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 bodaboda za umeme zimeanza kuenea Nairobi, na betri zake za lithiamu zimefuata njia ileile ya kabureta hadi mikononi mwa mafundi. Poda huweza kuifuta miali ya betri hiyo, lakini haipozi seli zilizo ndani, ambazo huendelea kupashana joto na kuwaka tena baada ya dakika au saa kadhaa, na kinachohitajika ni maji mengi kwa muda mrefu. Mtungi wa poda, uliochukua miongo mingi kumfikia fundi wa petroli, haukutengenezwa kwa moto huo.