Upepeo wa Dey Hussein wa Algiers

Upepeo wa manyoya una sehemu mbili. Ya kwanza ni mpini, wa mti au wa pembe. Ya pili ni manyoya, aghalabu ya tausi au ya mbuni, ambayo mashina yake hupangwa kwa safu na kukazwa katika kichwa cha mpini. Ukiwekwa miaka mingi, manyoya huliwa na nondo, na mpini ndio usaliao. Sehemu hizi mbili ziliwahi kubishaniwa baina ya dola na dola.

Mwishoni mwa karne ya 18 Ufaransa ilipata ngano kutoka Algiers kwa mkopo, kwa mkono wa wafanya biashara wa mji huo, Bakri na Busnach. Mwaka 1819 deni lilikubaliwa kuwa faranga milioni 7. Lakini Dey Hussein, mtawala wa Algiers chini ya Sultani wa Uthmani, hakuona chochote kikimfikia, wala barua zake kwa Mfalme Charles wa Kumi hazikujibiwa. Katika siku za Idi ya Fitri, mwezi wa Aprili 1827, alimwuliza balozi wa Kifaransa, Pierre Deval, sababu ya kimya hicho. Balozi akajibu kwa ufidhuli, na Dey akampiga kwa chombo kilichokuwa mkononi mwake.

Wachoraji wa baadaye walikionyesha kuwa upepeo wa manyoya. Wengine wameandika kuwa ni mgwisho wa kufukuzia nzi. Deval alipeleka habari kwao kuwa amepigwa kwa mpini, mara tatu, na kwa nguvu. Dey naye aliandika Istanbul kuwa yalikuwa mapigo mepesi tu. Hakika kumpiga mjumbe si adabu, na hapo Dey hakuhifadhi heshima ya kiti chake. Lakini deni ni deni, na ni nani aliyepata kuvunjwa mfupa kwa unyoya?

Ufaransa ilitaka iombwe radhi na bendera yake ipandishwe juu ya ngome za Algiers. Dey akakataa. Kuanzia Juni 1827 manowari zikaziba bandari kwa miaka mitatu. Kisha tarehe 14 Juni 1830 askari wapatao 37,000 wakaanza kushuka Sidi Fredj. Mji ulisalimu amri tarehe 5 Julai, na katika hazina ya Kasba zikahesabiwa faranga zaidi ya milioni 48, yaani karibu mara saba ya deni lililokubaliwa mwaka 1819. Charles mwenyewe hakufurahia ushindi huo hata mwezi mmoja: tarehe 2 Agosti alijiuzulu ufalme.

Dey Hussein alihamia Italia, akafia Iskandaria mwaka 1838. Waaljeria walitawaliwa miaka 132, na siku ya uhuru wao wakaifanya tarehe 5 Julai 1962, tarehe ile ile mji ulipotolewa.